Nyumba isiyofika siku ya tatu

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii hunukuliwa sana kwa sababu ya lile jembe, na Mwalimu Nyerere aliitumia mwaka 1962 alipokuwa akieleza kwamba katika ujamaa wa asili hapakuwa na wa kula jasho la mwenzake. Lakini ndani yake kuna jambo jingine ambalo watu hulipita bila kulitazama, nalo ni ile hesabu ya siku. Wazee walijua kuwa ugeni una mwisho, na kwamba mwisho wake si lazima uwe kuondoka. Unaweza kuwa kugeuka mwenyeji. Siku ya kwanza na ya pili mgeni anakula, anapumzika, anaulizwa habari za alikotoka. Ya tatu anashikishwa jembe, na kwa jembe lile anaanza kujua shamba la nani linapakana na la nani, nani anaumwa, nani wamenuniana kwa ajili ya mpaka. Sasa chukua mtaa wenye nyumba ishirini, na kumi kati ya hizo zinabadilisha watu kila baada ya usiku mbili. Katika nyumba hizo kumi siku ya tatu haifiki. Mwaka mzima ni siku ya kwanza na ya pili, ya kwanza na ya pili.

Mitaa ya namna hiyo tunayo. Mji Mkongwe wa Unguja, hasa pande za Shangani, Baghani na Hurumzi, una nyumba ambazo zamani zilibeba familia mbili tatu kila moja na leo zinauzwa usiku kwa usiku kupitia simu. Kilimani na Kileleshwa jijini Nairobi mambo ni yaleyale, ila ngazi za mawe zimegeuka lifti. Biashara yenyewe ilianza mwaka 2007 huko San Francisco, vijana wawili waliobanwa na kodi walipotandika magodoro ya upepo sebuleni kwao na kuwalaza watu waliokuja mjini kwa mkutano wa wabunifu. Mwaka uliofuata, wakiwa na mwenzao wa tatu, wakaifanya kampuni, na hiyo ndiyo Airbnb. Angalia vizuri sebule ile ya kwanza: mwenyeji alikuwamo. Wageni waliamka wakamkuta jikoni. Hoja ya makala haya inasimama hapo. Mgeni wa siku mbili hajawahi kuudhuru mtaa. Kinachoudhuru ni nyumba yenye wageni na isiyo na mwenyeji, na sheria zetu za leseni, kodi na mipango miji zinapaswa kuzitenganisha nyumba hizo mbili kana kwamba ni biashara mbili tofauti, kwa sababu ndivyo zilivyo.

Tazama mlango mmoja tu. Ni wa mninga au msaji, umechongwa maua ya mlotasi na minyororo, njumu za shaba zimepangwa safu kwa safu, na juu kwenye kizingiti kuna maandishi ya Kiarabu yanayotaja mwaka uliojengewa. Kando yake, kwenye ukuta wa chokaa, pamepigwa skrubu kisanduku cha chuma chenye tarakimu, kikubwa kiasi cha pakiti ya sigara. Mgeni anafika saa saba usiku kutoka uwanja wa ndege, anamulika kwa simu, anabonyeza tarakimu nne, kifuniko kinafunguka, anatoa ufunguo. Hapana hodi wala karibu, kwa kuwa hodi inataka mtu ndani. Baraza ya nje, ile ya mawe waliyokalia watu wakinywa kahawa na kucheza bao, imewekewa vyungu vya maua; watu wakikaa watapiga soga, na mgeni akirudi kwao ataandika kwamba usiku kulikuwa na kelele na kumnyima mwenye nyumba nyota moja. Saa nne asubuhi wageni wanatoka. Anakuja binti na kapu la shuka, anafagia, anabadilisha mito, anarudisha ufunguo kisandukuni. Saa nane wanaingia wengine. Mwenye nyumba yuko Dar es Salaam, au Dubai, au Milano, na kwake nyumba hii ni kalenda yenye vijisanduku vyekundu vya siku zilizochukuliwa na vyeupe vya siku zilizo wazi.

Watu wa pwani hawahitaji somo la ukarimu kutoka kwa programu ya simu. Kwa karne nyingi majahazi yalishuka na kaskazi kutoka Ghuba, Hadhramaut na Gujarat, yakangoja kusi ili yapate kurudi. Mgeni alikaa miezi, upende usipende, maana upepo haukodishwi. Na kwa miezi hiyo alikuwa na mtu wake mjini: aliyemlaza, aliyemjua kwa jina la baba yake, aliyesimama mbele ya kadhi au mbele ya mtawala kama jambo likiharibika. Nyumba yenyewe ilijengwa kwa kufikiria hilo. Asiyejulikana aliishia barazani. Aliyejulikana aliingia hadi dakani. Mfanyabiashara mwenza alilazwa kwenye chumba cha wageni, ambacho watu wa Lamu hukiita sabule, na hakuvuka kwenda walikokaa wenye nyumba. Kila kizingiti kilikuwa swali kuhusu mtu huyu ni nani na amekuja kwa nani. UNESCO ilipouingiza Mji Mkongwe katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na mji wa Lamu mwaka uliofuata, haikuvutiwa na mawe ya matumbawe peke yake. Iliutaja mchanganyiko wa watu wa Afrika, Uarabuni, India na Ulaya uliofanyika humo kwa zaidi ya milenia moja. Mchanganyiko wa namna hiyo unatokea pale mgeni anapokaa muda wa kutosha kugombana na jirani na kupatana naye. Kisanduku chenye tarakimu nne kimevifuta vizingiti vyote kwa mpigo.

Mwenyeji anafanya kazi gani hasa, hata tusikitike akiondoka? Anza na msiba. Jeneza halipiti kwa gari katika vichochoro vya Mkunazini. Linabebwa mabegani, na mabega ni ya watu wa mtaa. Mtu akifa alfajiri, wa kukoroga uji, wa kutandika majamvi, wa kwenda kuwaambia ndugu wa ng'ambo, wa kuchimba kaburi, wote wanatoka katika nyumba zilizo karibu kiasi cha kusikia kilio. Nyumba kumi zikiwa na wageni, mzigo wa nyumba ishirini unabebwa na kumi, kisha na nane, kisha wale waliobaki nao wanaanza kuwaza Fuoni au Kwerekwe walikohamia ndugu zao. Nenda kwenye Ramadhani: sahani ya futari inayotoka mlango huu kwenda ule inahitaji kurudi na kitu juu yake, na haiwezi kurudi kutoka kwa mtu atakayekuwa angani kesho kutwa. Nenda dukani. Duka la Mpemba lenye mchele wa kupima na sukari ya robo linaishi kwa mkopo wa daftari, na daftari linamtaka mtu atakayekuwepo mwisho wa mwezi. Wateja wa aina hiyo wakipungua, mwenye duka anatundika mashati ya kitenge na picha za tingatinga, kwa sababu ndicho kinachonunuliwa, na bibi aliyebaki ghorofani sasa anatembea hadi Darajani kutafuta kitunguu. Watoto ni hivyohivyo: kichochoro chenye macho ya watu wazima kumi madirishani ni kiwanja cha kuchezea, chenye macho mawili ni njia tu. Hakuna hata kimoja katika haya kinachoonekana kwenye hesabu za utalii, ambazo zinahesabu vichwa vinavyoingia, na kwa Zanzibar vichwa hivyo vilipita 700,000 mwaka 2024 katika visiwa vyenye watu wasiofika 2,000,000 kwa sensa ya 2022.

Kinachowasukuma wenye nyumba ni hesabu nyepesi, na si haki kuwaita waroho kwa kuijua. Tuseme nyumba ya vyumba viwili inakodishwa dola 50 kwa usiku na inapata wageni usiku 15 tu kwa mwezi, nusu ya kalenda. Hizo ni dola 750, na kwa dola ya shilingi 2,500 ni karibu shilingi 1,900,000. Toa dobi, umeme, msafishaji na kamisheni ya mtandao, bado kitakachobaki hakifikiwi na mwalimu wa sekondari wala muuguzi wa Mnazi Mmoja, hata akilipa miezi sita kwa mkupuo kama madalali wanavyotaka. Mpangaji wa mwaka anashindana na mtu mwenye mshahara wa Uswisi, na anashindana naye kwa usiku mmojammoja. Hili limepimwa kwingine. Utafiti wa wanauchumi kuhusu Barcelona, uliotoka mwaka 2020 katika jarida la Journal of Urban Economics, ulikuta kwamba nyumba hizi zilipandisha kodi ya pango kwa wastani wa asilimia 1.9 katika jiji zima. Ukiishia hapo utasema ni kelele za bure. Lakini katika mitaa iliyojaa biashara hiyo kodi ilipanda kwa asilimia 7, na bei ya kununua nyumba kwa asilimia 17. Madhara hayagawanywi sawasawa. Yanarundikana pale mji ulipo mzuri zaidi. Mji Mkongwe wote unaweza kuuzunguka kwa miguu kabla chai yako haijapoa, kwa hiyo kwetu hakuna wastani wa jiji wa kujifichia.

Venice ndio mfano ambao kila mtu anautaja, na unatakiwa kutajwa kwa uangalifu. Mwaka 1951 kisiwa kile cha kihistoria kilikuwa na wakaazi wapatao 175,000. Mwaka 2022 wakashuka chini ya 50,000. Kwenye dirisha la duka moja la dawa karibu na daraja la Rialto kumewekwa tangu 2008 kihesabio cha tarakimu za taa kinachoonyesha wakaazi waliobaki, kikishuka machoni pa wapita njia kama foleni ya benki inayohesabiwa kinyumenyume. Lakini Venice ilianza kukimbiwa miongo mingi kabla ya simu za kugusa: mafuriko makubwa ya 1966, ajira zilizohamia bara upande wa Mestre, gharama za kukarabati nyumba zilizokaa majini. Kodi za siku mbili hazikuuanzisha mteremko ule. Zilichofanya ni kuondoa kizuizi cha mwisho, kwa kuwa nyumba ikiachwa na mzee aliyefariki haikumngoja tena kijana wa kuingia.

Wanaopinga udhibiti wana hoja nzito, na ya kwanza ndiyo inayosikika sana barazani: nyumba ni yangu, niliinunua au nilirithi, serikali inaingiaje chumbani kwangu? Jibu ni kwamba imo tayari, na imo kwa idhini ya watu wote. Mwenye nyumba Mji Mkongwe habadilishi dirisha, haongezi ghorofa wala hang'oi ule mlango wa njumu bila kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Hafungui baa wala karakana ya kuchomelea vyuma pembeni ya msikiti. Umiliki wa nyumba ya mjini haujawahi kumaanisha uhuru wa kuigeuza chochote, kwa sababu ukuta wako ndio ukuta wa jirani, na katika nyumba nyingi za huko boriti zako zimelala ndani ya ukuta wake kwelikweli. Ajabu ni kwamba tumefika mahali ambapo njumu za shaba zina mamlaka ya kuzilinda na mkaazi hana. Huko Hispania swali hilihili lilifikishwa hadi Mahakama ya Katiba, na Machi 2025 ikaamua kwamba sheria ya Catalonia inayozitaka nyumba hizi ziwe na leseni za muda haikuvunja haki ya mali. Mwenye nyumba anabaki na nyumba, anaweza kuiuza, kuishi humo, kuipangisha kwa mwaka. Anachokosa ni haki ya kuifanya gesti bila kibao.

Hoja ya pili ndiyo inayoniumiza kichwa, kwa sababu ina ukweli mwingi. Wanasema: bila fedha za wageni huo Mji Mkongwe unaoulilia ungekuwa kifusi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi zilitaifishwa, zikapangishwa kwa kodi ndogo ambayo isingetosha hata kuziba paa, na mvua za masika zikafanya kazi yake. Jengo la Beit al-Ajaib, fahari ya mji mzima, liliporomoka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020, siku ya Krismasi, na kuua watu wawili waliokuwa katika kazi ya ukarabati. Nyumba ya mawe ya matumbawe na udongo inataka chokaa mpya kila baada ya misimu kadhaa, boriti za mkoko, fundi anayejua. Anayeishi kwa mshahara wa serikali hawezi. Mimi sibishi. Baadhi ya nyumba nzuri kuliko zote leo zimesimama kwa sababu mtu aliona humo dola. Lakini hoja hiyo inathibitisha kwamba fedha za wageni zinahitajika, haithibitishi kwamba mwenyeji lazima atoke. Familia inayoishi ghorofa ya chini na kukodisha vyumba viwili vya juu inapata dola zilezile za kununulia chokaa, na inaliona paa linapovuja siku ileile, kabla binti wa shuka hajamwandikia ujumbe mtu aliyeko Milano. Tena sehemu ya kodi ya wageni inaweza kurudishwa kwenye nyumba za wakfu na za serikali ambako wanakaa watu wasio na cha kukarabatia. Kuta zilizokarabatiwa na kubaki tupu miezi ya masika, wakati wageni wamekwenda zao, ni seti ya filamu.

Hapo inafuata hoja ya tatu, ya mjane mwenye chumba. Ukidhibiti, wanasema, hoteli kubwa za Nungwi na Paje zitacheka, na mama aliyekuwa akisomesha watoto kwa chumba kimoja atalia. Mjane huyu ana umri mrefu katika mijadala ya dunia nzima. Kampuni zenyewe humtanguliza kila sheria inapokaribia. Mwanasheria mkuu wa jimbo la New York alipofungua vitabu vya Airbnb na kutoa ripoti yake mwaka 2014, ilionekana kuwa wenye nyumba tatu au zaidi walikuwa asilimia 6 tu ya wenyeji, ila walichukua asilimia 37 ya mapato. Wajane walikuwepo, na wengi, lakini fedha nyingi zilikuwa zikitiririkia kwingine. Sheria ambayo jiji la New York lilianza kuitekeleza Septemba 2023 ilimfikiria mjane huyohuyo: kukodisha kwa chini ya siku 30 kunaruhusiwa iwapo mwenyeji anaishi humo na yupo wakati huo, na wageni wasizidi wawili. Ni kali, na kwa Zanzibar wageni wawili ni wachache mno kwa nyumba iliyojengwa kwa ukoo mzima. Msingi wake hata hivyo ndio huu ninaoutetea. Mama mwenye chumba anaendelea, tena bila kushindana na mtu mwenye fleti kumi na mbili. Anayefungiwa mlango ni mwenye fleti kumi na mbili, naye anajulikana anapopaswa kwenda, yaani kwenye leseni ya hoteli, na masharti ya moto, na kodi za hoteli.

Watakaosema hayo ni mambo ya miji ya kale ya kitalii waende Nairobi. Kule hakuna UNESCO wala njumu, kuna majengo ya ghorofa kumi na tano, na wageni wengi ni Wakenya wenyewe: wa harusi, wa semina, wa wikendi. Januari 2024 wasichana wawili waliuawa katika matukio mawili tofauti ndani ya fleti za kukodi kwa siku jijini humo, na mwisho wa mwezi ule maelfu ya wanawake waliandamana mitaani. Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii ikawataka wenye nyumba hizo wote wajisajili. Itakuwa uonevu kusema fleti ndiyo iliyoua. Aliyeua ni mwanamume, na wanawake huuawa katika nyumba za ndoa pia. Lakini ukifikiria mlinzi wa getini mwenye kitabu cha wageni na kalamu iliyofungwa kwa uzi, anayeandika jina lolote analotajiwa kwa watu arobaini wapya kila jioni, unaelewa ni kitu gani kimepungua. Mpangaji wa ghorofa ya nane hawezi tena kushtushwa na uso mgeni kwenye lifti, kwa kuwa nyuso zote ni ngeni, na kelele usiku wa manane upande wa pili wa ukuta huchukuliwa kuwa sherehe. Kwa majengo haya dawa iko karibu kuliko inavyodhaniwa. Sheria ya Kenya ya 2020 na ile ya Tanzania ya 2008 kuhusu umiliki wa sehemu za majengo zinawapa wenye fleti chombo chao cha pamoja. Chombo hicho kikikaa kikao na kuamua kwamba fleti za usiku ziwe ghorofa mbili za chini zenye mlango wake, au zisiwepo kabisa, hapo hakuna serikali iliyomwonea mtu.

Nikubali pia kinachokubalika. Kodi za pango New York hazikushuka baada ya sheria ile. Hoteli ndizo zilizopandisha bei. Anayeuza udhibiti huu kama dawa ya uhaba wa nyumba anauza maji ya rangi. Nyumba ni chache Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi kwa sababu hazijengwi za kutosha za watu wa kipato cha kawaida, kwa sababu ardhi iliyopimwa ni haba na riba za benki hazikamatiki, na hakuna kisanduku cha ufunguo kinachohusika na hayo. Barcelona nayo, ilipotangaza Juni 2024 kupitia meya wake Jaume Collboni kwamba leseni zote 10,101 za fleti za watalii hazitahuishwa zikiisha Novemba 2028, ilitaja kodi zilizopanda kwa asilimia 68 katika miaka kumi, na wakosoaji wana haki ya kuuliza ni ngapi kati ya asilimia hizo zinatokana na fleti hizo. Huenda ni chache. Lakini mtaa haupimwi kwa kodi peke yake. Kama kodi ya Hurumzi ikibaki palepale ila nyumba zikapata tena watu wa kubeba jeneza, mimi nitahesabu kwamba sheria imefanya kazi.

Linabaki swali la utekelezaji, ambalo hapa kwetu huwa ni njia ya heshima ya kusema haiwezekani. Inawezekana. Tangu Oktoba 2024 kila mgeni wa kigeni anayeingia Zanzibar anatakiwa kulipia bima ya dola 44, na inalipwa kwenye mtandao kabla hajapanda ndege. Serikali inayoweza kumfikia kila mtalii mfukoni inaweza kuufikia mlango anaolala. Hispania ilifanya mwaka 2025 jambo la ofisini kabisa: ilitazama matangazo yasiyokuwa na namba sahihi ya leseni, ikaiamuru kampuni iyaondoe, nayo yalizidi 65,000. Hakuna askari aliyegonga mlango wa mtu. Kwetu tuna kitu ambacho Barcelona haina, nacho ni sheha, na kwa upande wa Bara mjumbe na mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Mtu akihamia Kiponda akitokea Wete anatakiwa ajulikane kwa sheha. Anayepanga chumba Sinza huulizwa barua ya utambulisho. Anayelala usiku mbili kwenye nyumba isiyo na mtu haulizwi chochote, wala anayemlaza. Leseni ya Kamisheni ya Utalii iongezwe mstari mmoja unaouliza nani anaishi humu, sheha ajaze jibu kutoka kwenye daftari lake, na tangazo lisilo na namba hiyo lisionekane mtandaoni. Jina likiwepo, nyumba ikodishe mwaka mzima ikitaka. Lisipokuwepo, iwe na idadi ya usiku kwa mwaka, kama Amsterdam ilivyoweka 30, au iombe kuwa hoteli na ikubali masharti ya hoteli.

Waliokwisha kukopa benki kwa ajili ya ukarabati wapewe muda, miaka mitano inatosha. Muda ukiisha, kisanduku kinafunguliwa skrubu zake nne, matundu yanazibwa kwa chokaa, na mwenye nyumba anachagua: ahamie mwenyewe, au amweke shangazi, au apangishe ghorofa ya chini kwa familia kwa bei watakayoelewana na kubaki na wageni wake wa juu. Vyungu vya maua vinaweza kukaa popote, ila si juu ya baraza.